Gemu la Kudaka Korosho Limegoma: Dalili, Sababu na Namna ya Kurekebisha

Mwongozo huu unatumia gemu dogo la kudaka korosho, kwa kuwa aliyekulia Newala, Tandahimba au Nachingwea anajua jambo lenyewe lilivyo: bibo likiiva huanguka, mtu akaliokota na kung'oa korosho yake. Kwenye gemu hatungoji ifike chini. Korosho inashuka, mchezaji anasogeza kapu kushoto na kulia, akiidaka anapata alama. Limeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, pamoja na Pygame, nyongeza yake ya kutengenezea gemu, ambazo hata laptopu ya zamani inazimudu, na zikishasakinishwa hazili bando.

Gemu zima lililo sawa ni hili. Linganisha na la kwako, hasa nafasi zilizo mwanzoni mwa kila mstari.

```
import pygame
import random

pygame.init()
skrini = pygame.display.set_mode((800, 600))
saa = pygame.time.Clock()
fonti = pygame.font.Font(None, 36)

kapu = pygame.Rect(360, 540, 80, 40)
korosho = pygame.Rect(300, 0, 20, 20)
kasi = 4
alama = 0
inaendelea = True

while inaendelea:
    for tukio in pygame.event.get():
        if tukio.type == pygame.QUIT:
            inaendelea = False

    vitufe = pygame.key.get_pressed()
    if vitufe[pygame.K_LEFT]:
        kapu.x -= 6
    if vitufe[pygame.K_RIGHT]:
        kapu.x += 6

    korosho.y += kasi
    if kapu.colliderect(korosho):
        alama += 1
        korosho.y = 0
        korosho.x = random.randint(0, 780)
    if korosho.y > 600:
        korosho.y = 0
        korosho.x = random.randint(0, 780)

    skrini.fill((30, 110, 50))
    pygame.draw.rect(skrini, (160, 110, 60), kapu)
    pygame.draw.ellipse(skrini, (220, 200, 160), korosho)
    skrini.blit(fonti.render(str(alama), True, (255, 255, 255)), (10, 10))
    pygame.display.flip()
    saa.tick(60)

pygame.quit()
```

Kitanzi cha `while` kina kazi tatu: kusikiliza vitufe, kuhesabu mahali pa kila kitu, na kuchora. Kinazirudia mara 60 kwa sekunde. Gemu likigoma, swali la kwanza ni kazi ipi kati ya hizo tatu imelala. Kapu lisilosogea huku korosho inaanguka vizuri ni tatizo la kusikiliza, kwa hiyo usihangaike na mistari ya kuchora. Alama zinazopanda ovyo ni tatizo la kuhesabu. Mwanafunzi anayeanza kwa kupanga hivi hupata kosa kwa dakika tano. Anayebadilisha mistari kumi kwa mpigo hupoteza jioni nzima, na mwisho hajui hata kipi kilichotibu.

Ukiona maandishi mekundu, anza kuyasoma chini kwenda juu. Mstari wa mwisho unataja aina ya kosa, na juu yake kuna namba ya mstari. Kama mstari uliotajwa hauna kasoro, angalia ule uliotangulia: mabano yaliyoachwa wazi kwenye mstari wa 9 yanaweza kulalamikiwa kwenye mstari wa 10.

"Mwalimu, inasema hakuna Pygame, na nimeisakinisha jana"

Ujumbe ni `ModuleNotFoundError: No module named 'pygame'`. Mara nyingi kompyuta ina Python mbili. Thonny, programu ya kuandikia na kuendeshea Python, huja na Python yake ndani, kwa hiyo ulichosakinisha kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi la Windows kimekwenda kwenye Python nyingine. Ukitumia Thonny, fungua menyu ya Tools, kisha Manage packages, tafuta pygame, sakinisha hapo. Ukitumia dirisha la amri, andika `py -0` uone Python zilizopo, kisha taja unayoitaka, kwa mfano `py -3.12 -m pip install pygame`.

Sababu ya pili ni jina la faili. Uliyeita faili lako `pygame.py` utaona ujumbe tofauti kidogo, kwamba moduli ya pygame haina `init`. Python imelifungua faili lako ikidhani ndilo Pygame yenyewe. Libadilishe jina, liite `korosho.py`, halafu ufute folda ya `__pycache__` iliyo kando yake. Faili lililoitwa `random.py` linaleta balaa hilohilo.

Usakinishaji ukimwaga kurasa za maandishi mekundu, huenda Python yako ni mpya mno na Pygame iliyoandaliwa kwa ajili yake haijatoka, kwa hiyo kompyuta inajaribu kuijenga kutoka mwanzo bila zana. Sakinisha Python ya toleo moja au mawili nyuma. Usianze kushusha faili za .dll kutoka tovuti usizozijua, wala usizime kinga ya virusi ili "ipite". Hapo ndipo laptopu nyingi zinapopata maradhi mengine.

Kama bando ni tatizo, mtu mmoja ashushe kwa `py -m pip download pygame`, faili linalopatikana liwekwe kwenye fleshi, na wengine wasakinishe kwa `py -m pip install` ikifuatiwa na jina la faili hilo. Sharti ni moja: Python ziwe toleo lilelile na Windows ziwe za aina moja.

Dirisha linafunguka na kupotea papo hapo

Umebofya faili mara mbili, limepata kosa, na dirisha limejifunga kabla hujasoma. Liendeshe kutoka Thonny ili ujumbe ubaki. Ujumbe ukisema `video system not initialized`, basi `pygame.quit()` iko ndani ya kitanzi badala ya nje. Kama hakuna kosa lolote, huna kitanzi kabisa: programu imefika mwisho wake na kuondoka.

Dirisha jeusi, au lililoganda

Dirisha jeusi lisilo na ujumbe wa kosa mara nyingi limekosa `pygame.display.flip()`. Kila unachochora kinakaa kwenye karatasi ya pembeni mpaka `flip` ikilete mbele ya macho. Angalia kwanza ipo. Pili, iko ndani ya kitanzi. Kisha hakikisha `skrini.fill` iko kabla ya michoro. Ukiiweka baada ya michoro unachora kapu halafu unalipaka rangi juu yake, na utabaki na skrini ya kijani tupu.

Dirisha linaloganda na Windows kuandika "Not Responding" limekosa `pygame.event.get()`. Mfumo wa kompyuta unalipelekea dirisha lako habari kila mara, na lisipozipokea linahesabiwa kuwa limekufa. Ukiwa nayo na bado linaganda, tafuta `input()` au `time.sleep(5)` ndani ya kitanzi. Vyote viwili vinasimamisha kila kitu, kusikiliza kukiwemo.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: gemu linakwenda pale tu mausi inapochezeshwa. Mausi ikitulia, korosho inasimama hewani. Chanzo ni nafasi za mwanzo wa mstari. Mistari ya kuhesabu na kuchora imesogea kulia ikaingia ndani ya `for tukio in ...`, hivyo inafanya kazi mara moja kwa kila tukio, na kusogeza mausi ni tukio. Chagua mistari hiyo yote, irudishe kushoto kwa Shift na Tab, ilingane na neno `for`.

Korosho inaacha mkia

Huna `skrini.fill` ndani ya kitanzi. Michoro ya zamani haijafutwa. Iongeze kama mstari wa kwanza wa kuchora.

Kapu halisogei, au linakwenda upande mmoja tu

Bofya ndani ya dirisha la gemu kwanza. Kama dirisha la Thonny ndilo lililo mbele, vitufe vinakwenda huko.

Kapu likisogea kidogo kisha likasimama, mpaka ubonyeze tena, umetumia `KEYDOWN`. Hiyo hutokea mara moja kwa kila mbonyezo. Kwa mwendo wa kuendelea tumia `pygame.key.get_pressed()`, nayo ikae nje ya `for` ya matukio. Ukiwa na `get_pressed` lakini umefuta `event.get`, vitufe havitasomwa kamwe.

Hili linalofuata linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu halitoi ujumbe wowote wa kosa. Umeona kapu linakimbia sana, ukapunguza kutoka 6 hadi 0.5. Sasa linakwenda kushoto, lakini kulia haliendi hata kidogo. Wengi hukimbilia kukagua `K_RIGHT`, na haina kosa. Kosa liko kwenye `Rect`, yaani mstatili unaotunza mahali na ukubwa wa kitu: inatunza namba kamili tu, desimali inakatwa. Kapu likiwa kwenye 100, kulia ni 100.5, desimali inakatwa, linabaki 100. Milele. Kushoto ni 99.5, inakatwa, linakuwa 99. Linasogea. Ukiweka 1.7 kapu litakwenda piseli 1 kulia na 2 kushoto kwa kila mzunguko, na mchezaji atahisi kapu "linavuta" upande mmoja bila kujua kwa nini. Tiba ni kutunza mahali pa kapu kwenye kigeu (jina linalotunza namba) chako mwenyewe:

```
kapu_x += 0.5
kapu.x = round(kapu_x)
```

Kigeu `kapu_x` kianze na 360.0 nje ya kitanzi, na mistari ya kushoto na kulia ibadilishe kigeu hicho, isiguse `kapu.x` moja kwa moja.

Kapu likitoka nje ya skrini, ongeza `kapu.clamp_ip(skrini.get_rect())` baada ya kulisogeza. Ukiwa umeweka `kapu_x`, irudishe sawa na `kapu.x` pale tu kapu linapogonga ukingo, la sivyo mchezaji atabonyeza kulia muda mrefu kabla kapu halijarudi.

Na kama kapu linakwenda lenyewe bila kuguswa, usiguse programu kwanza. Fungua Notepad, andika mistari miwili, tazama mshale. Ukitembea wenyewe, kitufe kimenasa. Kuanzia Mikindani hadi Kilwa hewa ya bahari ina chumvi, na mchanga wa barazani haukosi kuingia. Zima laptopu, igeuze, ikung'ute taratibu. Isipotibika, ni kazi ya fundi. Usimwage spiriti kwenye kibodi.

Korosho inapita kwenye kapu, au alama zinaruka

Tuanze na alama. Kama kila korosho inakupa alama 14 badala ya 1, umesahau kuirudisha juu baada ya kudakwa. Hesabu yake ni hii. Kapu lina kimo cha piseli 40 na korosho 20, kwa hiyo zinagusana kwa umbali wa piseli 60. Korosho inayoshuka piseli 4 kwa mzunguko inabaki ndani ya kapu mizunguko 14, na kila mzunguko unaongeza 1. Mstari wa `korosho.y = 0` uwe ndani ya `if` ileile inayoongeza alama.

Alama zikibaki 0 hata ukidaka, angalia kama `alama = 0` imeingia ndani ya kitanzi. Inaongezwa kisha inafutwa, mara 60 kwa sekunde. Ukiwa umehamishia hesabu kwenye kazi ya `def` (kipande cha programu ulichokipa jina), Python italalamika kwa `UnboundLocalError`; andika `global alama` kama mstari wa kwanza wa kazi hiyo. Na ukitaka neno mbele ya namba, `"Alama: " + alama` haitakubali. Iwe `"Alama: " + str(alama)`.

Korosho inayopita bila kudakwa ina sababu mbili za kawaida. Ya kwanza: unachora picha mahali pamoja na `Rect` iko kwingine. Ili kuona ukweli, chora mipaka yenyewe kwa muda:

```
pygame.draw.rect(skrini, (255, 0, 0), korosho, 1)
pygame.draw.rect(skrini, (255, 0, 0), kapu, 1)
```

Mistari myekundu isipokaa juu ya picha, umepata mchawi. Hakuna kipimo kingine kinachofundisha haraka kama hiki.

Ya pili ni kasi. Korosho haishuki kama inavyoshuka mkoroshoni. Inaruka kutoka mahali hadi mahali. Kasi ikizidi 60 inaweza kuwa juu ya kapu kwenye mzunguko mmoja na chini yake kwenye unaofuata, bila kuligusa. Mtu atasema, "Lakini mimi niliweka 4." Angalia umeandika wapi `kasi += 1`. Ulikusudia gemu liwe gumu kila korosho inapodakwa, lakini mstari umekaa nje ya `if`, hivyo kasi inaongezeka mara 60 kwa sekunde. Baada ya sekunde moja tu imefika 64. Iingize ndani ya `if`, na uweke kikomo: `kasi = min(kasi + 1, 20)`.

Ukishakuwa na korosho nyingi kwenye orodha, usiondoe kitu kwenye orodha unayoipitia. Ukiondoa moja, inayofuata inarukwa. Andika `for k in zote[:]:` ili upitie nakala, huku ukiondoa kwenye `zote` yenyewe.

Kwa jirani linakimbia, kwangu linatambaa

Bila `saa.tick(60)` kila kompyuta inaendesha kitanzi kwa nguvu zake zote. Ukiwa nayo, korosho yenye kasi 4 inatoka juu hadi chini kwa sekunde 2.5 kwenye kompyuta yoyote inayofikisha mizunguko 60. Isipofika, tafuta `pygame.image.load` au kutengeneza fonti ndani ya kitanzi, uvitoe nje. Vinatakiwa mara moja tu. Kisha angalia ukubwa wa picha. Picha ya simu yenye piseli 4000 kwa 3000, ikifunguliwa kwenye kumbukumbu, inachukua takriban megabaiti 48, wakati korosho yako inahitaji 20 kwa 20. Ipunguze kabla ya kuitumia, na baada ya kuipakia ongeza `.convert_alpha()`.

Picha haipatikani

Windows huficha mwisho wa jina, kwa hiyo faili unaloliona kama `korosho.png` linaweza kuwa `korosho.png.png`, na unaloliona kama `korosho` tu linaweza kuwa `korosho.jpeg` lililotoka WhatsApp. Washa uonyeshaji wa majina kamili ya faili. Hakikisha picha iko folda moja na programu. Ukiandika njia ndefu kama `"C:\Users\..."`, Python itakataa kwa kosa la `unicodeescape`, kwa sababu `\U` ina maana maalumu kwake. Tumia mkwaju wa kawaida: `"C:/Users/..."`.

Umeme umekatika, faili halifunguki tena

Hili linawapata wanaotumia laptopu yenye betri iliyokufa, inayotegemea chaja tu. Ukiwasha tena, Python inasema faili lina `null bytes`, au ukurasa ni mtupu. Umeme ulikatika katikati ya kuandika kwenye diski, na kilichobaki ni nafasi tupu. Hakuna cha kurekebisha ndani ya faili hilo, chukua nakala. Kama huna, toka leo hifadhi kwa majina yanayopanda, `korosho1.py`, `korosho2.py`, kila kipande kinapofanya kazi, na moja ikae kwenye fleshi.

Simama hapa, mwite fundi

Programu ya Pygame iliyokosewa inaweza kuganda au kujifunga. Haitakiwi kuleta skrini ya bluu wala kuzima laptopu. Laptopu ikizimika yenyewe dakika chache baada ya gemu kuanza huku ikiwaka moto upande wa feni, vumbi limejaa ndani. Vumbi la Masasi kiangazi si la kupuuza. Iache ipoe, usiiwashe tena kujaribu, mpelekee fundi aisafishe.

Betri iliyovimba, yaani kibodi imeinuka au mfuniko haufungi sawasawa: zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, na iwe mbali na watoto mpaka fundi aitoe.

Diski inayotoa mlio wa kugonga, au mafaili yanayoharibika tena na tena hata umeme usipokatika: acha kuhifadhi chochote humo. Nakili kazi zako kwenye fleshi mara moja, kisha peleka. Usikubali kuwekewa Windows upya kabla mafaili hayajatolewa.

Upande wa programu, ukihangaika saa nzima na kosa moja, punguza gemu. Toa alama, toa sauti, toa picha, kila mara ukiliendesha, mpaka ibaki mistari michache ambayo bado inaleta kosa. Mara nyingi litajionyesha njiani. Lisipojionyesha, mpelekee anayejua zaidi mistari hiyo michache, ujumbe wote wa kosa ukiwa maandishi na si picha ya nusu skrini, pamoja na jibu la `py --version`.